Tokyo kwa mgeni: taratibu zinazoliendesha jiji, na mahali wageni wanapokwama

Mgeni akishuka Tokyo, kinachomshangaza kwanza ni utulivu. Jiji lina wakazi milioni 14, na ukijumlisha maeneo yaliyoungana nalo, Yokohama, Kawasaki, Saitama na Chiba, unafika milioni 37 hivi. Hata hivyo honi hazisikiki, watu hawasukumani kwenye foleni, na mitaa haina taka. Wengi humaliza mjadala kwa kusema Wajapani wana nidhamu, basi. Jibu hilo halimsaidii mgeni, maana halimwambii atokee mlango upi wa stesheni wala chupa azitoe siku gani. Utulivu wa Tokyo umejengwa. Una sheria zake, mistari yake ya rangi na mashine zake, na baadhi yake ulipatikana baada ya ugomvi mkubwa. Mtu akizielewa taratibu chache na sababu zake, mengi yaliyokuwa yanamchanganya yanaanza kueleweka.

Anwani inafuata eneo

Barabara nyingi za Tokyo hazina majina. Anwani inataja eneo, kutoka kubwa kwenda dogo. Chukua makao makuu ya serikali ya jiji: Shinjuku-ku, Nishi-Shinjuku 2-8-1. Shinjuku ni kata, moja kati ya kata 23 za katikati. Nishi-Shinjuku ni mtaa ndani ya kata hiyo. Namba 2 ni sehemu ya pili ya mtaa, wenyewe huiita chome. Namba 8 ni kitalu, yaani kipande cha ardhi kinachozungukwa na barabara pande zote, na namba 1 ni jengo ndani ya kitalu. Anayeuliza "hii ni barabara gani?" atatazamwa tu kwa huruma. Aulize kitalu ni cha ngapi, au atafute kibao kidogo chenye namba kilichobandikwa kwenye nguzo ya umeme au ukuta wa kona.

Sheria ya mwaka 1962 ilielekeza majengo yahesabiwe kwa kukizunguka kitalu, kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Ndiyo maana jengo namba 1 na namba 14 huweza kupakana: moja ndipo hesabu ilipoanzia, jingine ndipo ilipoishia. Maeneo ambayo hayajaingizwa kwenye utaratibu huo bado yanatumia namba za viwanja vya zamani, ambazo zilitolewa kadiri ardhi ilivyosajiliwa na kugawanywa, na huko namba huruka hovyo. Hata mwenyeji hufungua ramani.

Kwa hiyo hifadhi anwani kwa herufi za Kijapani, maana dereva wa teksi huenda asiweze kuisoma kwa herufi zetu. Hifadhi pia namba ya simu ya hoteli au mkahawa unaokwenda, kwa sababu vifaa vya ramani ndani ya magari ya Japani hutafuta mahali kwa namba ya simu. Ukipotea kabisa, tafuta koban, kituo kidogo cha polisi ambacho mara nyingi kiko karibu na stesheni. Kuelekeza watu njia ni sehemu ya kazi yao ya kila siku, na ramani ya vitalu vya eneo lao wanayo.

Ukilifikia jengo, bado hujamaliza. Ghorofa 1F ni ile ya chini kabisa, usawa wa barabara. Aliyezoea kuanza kuhesabu ghorofa ya kwanza juu ya ile ya chini atapotea kwa ngazi moja kila mara. Majengo membamba ya katikati ya jiji yana mkahawa ghorofa ya tano, daktari wa meno ya nne na baa chini ya ardhi, na maelezo yote yako kwenye vibao vilivyopangwa wima nje. Soma vibao kabla ya kuamua kwamba mahali unapopatafuta hapapo.

Treni

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama, na si kosa lao. Reli za Tokyo si za shirika moja. Shirika la reli la taifa lilivunjwa mwaka 1987 na kugawanywa kuwa kampuni za JR, na katika eneo hili inayoendesha ni JR East. Treni za chini ya ardhi zina waendeshaji wawili: Tokyo Metro yenye njia 9, na Toei yenye njia 4. Juu ya hao kuna kampuni binafsi kama Odakyu, Keio, Tokyu, Seibu, Tobu, Keisei na Keikyu. Kila kampuni ina mageti yake na nauli yake, na ukihama kutoka kampuni moja kwenda nyingine unaanza kulipa nauli upya, ingawa baadhi yao hupunguziana kidogo. Safari mbili zenye muda sawa zinaweza kutofautiana bei kwa sababu hiyo tu. Ramani ya simu ikikupa njia tatu, chagua ile inayobaki ndani ya kampuni moja, hata ikikugharimu dakika tano zaidi.

Kinachorahisisha mambo ni kadi ya kulipia nauli, unayoijaza pesa kabla. Suica ilianzishwa na JR East mwaka 2001, Pasmo ikafuata mwaka 2007, na tangu 2013 kadi kuu 10 za nchi nzima hupokelewa kwenye mitandao ya wenzao. Kadi ya kawaida unaiwekea amana ya yen 500, na salio haliwezi kuzidi yen 20,000. Ipo pia Welcome Suica ya wageni, isiyo na amana, inayokwisha baada ya siku 28. Mashine nyingi za kuongeza salio zinataka pesa taslimu. Aliyezoea kulipa kila kitu kwa M-Pesa asitegemee simu yake, kwani simu nyingi za Android zilizonunuliwa nje ya Japani haziwezi kubeba kadi hizi. iPhone zinaweza.

Bandika kadi juu ya alama ya geti na uiache hapo kama sekunde moja. Geti likikufungia, mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu: uliipitisha haraka mno, pochi yako ina kadi mbili za aina hiyo, au salio limepungua wakati wa kutoka. Hili la mwisho si aibu wala kosa. Kando ya mageti, kwa ndani, kuna mashine ya kumalizia nauli. Ingiza kadi, ongeza pesa, rudi getini. Tatizo kubwa zaidi ni kuingia na kadi eneo la Tokyo na kutaka kutoka nayo Osaka. Kadi inafanya kazi pande zote mbili, lakini haivuki kutoka eneo moja hadi jingine kwa safari moja. Safari ndefu inahitaji tiketi yake.

Sasa aina za treni. Kwenye reli moja hupita treni inayosimama kila stesheni, inayoruka chache, na inayoruka nyingi. Ya haraka kabisa huitwa tokkyu. Ukipanda tokkyu ya JR, kwa mfano Narita Express, lazima ulipe nyongeza juu ya nauli. Ukipanda tokkyu ya kawaida ya Keio kutoka Shinjuku, unalipa nauli ile ile. Jina halikwambii kitu mpaka ujue ni kampuni gani. Hatari ya kawaida si ya pesa bali ya kupitilizwa: stesheni ndogo uliyoikusudia inapita dirishani, na treni haisimami mpaka dakika kumi na tano mbele. Angalia ubao wa jukwaani unaoorodhesha vituo, ukiwa na shaka panda ile inayosimama kote.

Halafu kuna treni zinazovuka mipaka ya kampuni bila abiria kushuka. Treni ya Asakusa, ambayo ni ya Toei, huendelea kwenye reli za Keikyu upande mmoja na za Keisei upande wa pili, na hivyo kuunganisha viwanja vya ndege vya Haneda na Narita. Lakini si kila treni ya njia hiyo hufika viwanja vyote viwili. Tazama jina la mwisho wa safari kwenye paji la treni. Ukilisahau, unaweza kujikuta kitongoji ambacho hata hukukisikia.

Stesheni ya Shinjuku ina milango ya kutokea zaidi ya 200, nayo inatambuliwa kuwa na abiria wengi kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 3.5 kwa siku kabla ya janga la korona. Kumwambia mtu "tukutane Shinjuku" ni sawa na kutokumwambia kitu. Taja mlango: wa mashariki, wa kusini, au ule wenye herufi na namba. Toka kwa mlango sahihi hata kama unakulazimu kutembea sana chini ya ardhi, kwa sababu ukitokea upande usio wako, kuzunguka kwa juu kunaweza kukuchukua robo saa.

Jukwaani kuna mistari inayoonyesha mlango wa behewa utakaposimama. Watu hupanga foleni pembeni mwa mistari hiyo, wanaoshuka wakapewa nafasi ya katikati. Vigae vya njano vyenye vinundu sakafuni ni vya wasioona. Vilibuniwa na Seiichi Miyake mwaka 1965 na kuwekwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Usisimamishe sanduku juu yake. Asubuhi, baadhi ya mabehewa yenye alama za waridi ni ya wanawake pekee, na saa zake zimeandikwa mlangoni. Ndani ya treni begi la mgongoni hubebwa kifuani au huwekwa juu, na simu haipokelewi. Kwenye ngazi za umeme, Tokyo watu husimama kushoto na Osaka kulia, ingawa mkoa wa Saitama tangu 2021 na jiji la Nagoya tangu 2023 wana kanuni za kuwataka wote wasimame bila kutembea, kwa usalama.

Mwenye mizigo mikubwa asiingie nayo kwenye treni ya saa mbili asubuhi. Hoteli na maduka mengi hupokea masanduku na kuyasafirisha hadi hoteli inayofuata, kwa kawaida yakafika kesho yake. Kwenye Shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi, ya kutoka Tokyo kwenda Osaka na Fukuoka, sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti chenye nafasi ya mzigo. Kukihifadhi mapema hakuna malipo ya ziada, ila ukikutwa bila hifadhi hiyo utalipishwa yen 1,000.

Treni za mwisho huisha kati ya saa sita na saa saba usiku, na za kwanza huanza kuelekea saa kumi na moja alfajiri. Katikati hapo ni teksi, na kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri nauli yake huongezeka kwa asilimia 20. Mlango wa nyuma wa kushoto hufunguliwa na dereva, usiuvute. Na ukiona baa imeandika inafungwa saa 26:00, maana yake ni saa nane usiku. Wanaendelea kuhesabu siku ile ile mpaka wateja waondoke.

Taka, na ugomvi ulioacha alama

Mgeni hutembea saa nzima na kopo tupu mkononi. Mapipa yalikuwepo, lakini tarehe 20 Machi 1995 wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo walitoa gesi ya sumu ya sarin ndani ya treni za chini ya ardhi na kuua watu, na baada ya hapo mapipa mengi yakaondolewa kwenye stesheni. Yaliyobaki mara nyingi ni ya kuonekana ndani. Matundu yaliyo kando ya mashine za vinywaji ni ya chupa na makopo tu. Mabaki ya chakula utayapeleka hotelini, kwa hiyo tembea na mfuko.

Usafi wenyewe una historia ya karibu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1971 gavana wa Tokyo, Ryokichi Minobe, alitangaza "vita vya taka". Malori ya jiji zima yalikuwa yakipita kata ya Koto kwenda kumwaga taka baharini, na wakazi wa Koto walikuwa wamechoshwa na harufu na inzi. Kata ya Suginami ilikataa kujengewa kiwanda cha kuchomea taka, na mwaka 1973 Koto ikayazuia malori ya Suginami. Suginami ilikubali baadaye, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kikaanza kazi. Msimamo ulioshinda ni kwamba kila kata ibebe mzigo wake. Ndiyo maana leo kuna kiwanda cha kuchoma taka katikati ya mji pale Ikebukuro, chenye bomba la moshi la mita 210. Watu wanaoishi chini ya bomba hilo wana sababu nzuri ya kutaka jirani achambue taka zake.

Aliyepanga nyumba au chumba cha wiki chache ataipata sheria hiyo mlangoni. Kila kata ina kalenda yake: siku za taka za kuungua, siku za zisizoungua, siku za chupa, makopo na karatasi. Chupa ya plastiki ya kinywaji unaifungua kizibo, unaibandua lebo, unaisuuza, unaiminya. Kizibo na lebo huenda na plastiki nyingine, chupa huenda peke yake. Mfuko hutolewa asubuhi ya siku yenyewe, mara nyingi kabla ya saa mbili, ukawekwa chini ya wavu. Wavu ni kwa ajili ya kunguru, ambao Tokyo ni wakubwa na wajanja, na mfuko uliotolewa usiku wataupasua na kuusambaza barabara nzima. Mfuko uliochanganywa huachwa pale pale na kubandikwa karatasi ya onyo, na majirani wote wanauona.

Wanafunzi na wafanyakazi wanaohama wajue pia kuhusu vitu vikubwa. Kochi au godoro unaliombea siku ya kuchukuliwa, unanunua stika ya malipo dukani, unaibandika. Televisheni, friji, mashine ya kufulia na kiyoyozi havichukuliwi na kata kabisa. Tangu 2001 sheria inataka virudishwe kwa utaratibu wa urejelezaji, na mwenye kitu ndiye anayelipa.

Barabara tupu

Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anayajua magari ya Japani kuliko anavyoijua Japani, na atashangaa kuyakuta machache kando ya barabara. Sheria nyingine ya 1962 inataka anayesajili gari athibitishe kwanza kwamba ana mahali pa kuliegesha, ndani ya kilomita 2 kutoka nyumbani. Polisi huja kupaangalia. Kulilaza gari barabarani usiku ni kosa. Basi vichochoro visivyo na njia ya miguu vinabaki wazi, na watoto wa shule hupita humo wenyewe.

Gharama za kulitunza gari nazo zinaeleza mengi. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una ada, bima na matengenezo ya kulipia. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi yake inapanda. Mwenye gari zuri la miaka saba anaona afadhali aliuze, na ndipo meli za kwenda Mombasa na Dar zinapojaa. Kenya, yenye sheria ya kutopokea gari lililozidi miaka 8, huyapata katika umri huo huo.

Kula

Mikahawa mingi midogo ina mashine ya tiketi mlangoni. Ingiza pesa kwanza, ndipo vitufe vya chakula unachoweza kununua viwake. Bonyeza, chukua karatasi, zungusha kishikio kupata chenji, kisha mpe mhudumu karatasi na ukae. Hakuna bahashishi, ukiacha pesa mezani mhudumu atakukimbiza barabarani akurudishie. Noti mpya zilitoka Julai 2024, na mashine za zamani huweza kuzikataa, kwa hiyo weka sarafu za yen 100 na 500.

Kwa Waislamu, jambo hili lina uzito. Supu ya ramen, tambi za Kijapani, mara nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe hata kama nyama haionekani, na michuzi mingi hutiwa mirin au sake, vyote pombe. Herufi za kukariri ni 豚 nguruwe, 鶏 kuku, 牛 ng'ombe, 酒 pombe. Samaki wa kuchoma kwa chumvi ni salama zaidi kuliko yeyote aliyepakwa mchuzi. Msikiti wa Tokyo Camii, uliojengwa kwanza mwaka 1938 na kujengwa upya mwaka 2000, uko karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara na una duka la halali. Maduka mengine ya halali yamekusanyika Shin-Okubo.

Anayetaka kula haraka ataingia konbini, duka dogo la saa 24. Humo utakuta onigiri, wali uliofinyangwa pembetatu na kufungwa kwa mwani. Kifungashio kina namba tatu. Vuta ukanda wa namba 1 kutoka juu, uuzungushe mpaka nyuma uachane. Kisha vuta kona ya namba 2 upande mmoja, na ya namba 3 upande wa pili. Karatasi ya ndani iliyokuwa inautenga mwani na wali inatoka yenyewe, na mwani unabaki mkavu. Ukianza na namba 2, mwani unachanika na kubaki ndani ya plastiki.

Ndani ya nyumba na chooni

Viatu huvuliwa kwenye sehemu ya chini ya kiingilio, na mguu wenye soksi hupanda moja kwa moja sakafu ya juu bila kukanyaga chini. Ndala za ndani huachwa nje ya chumba cha mkeka wa tatami, na choo kina ndala zake zisizotoka humo. Watu wa pwani watafurahia vyoo, maana maji ya kujisafishia yapo. Kabla ya kukaa, tafuta kitufe chenye 止, ndicho cha kuzima maji. 流 ni cha kusukuma. Chekundu chenye kamba au maandishi ya dharura huita wahudumu, na wageni wengi hukibonyeza wakidhani kinasukuma maji.

Ukipoteza kitu

Sifa ya Tokyo ya kurudisha vitu ni ya kweli, na ina sheria nyuma yake. Aliyeokota hukipeleka koban au kwa wahudumu wa stesheni, na mwenyewe akipatikana sheria inampa mwokotaji haki ya kudai asilimia 5 hadi 20 ya thamani. Isipodaiwa ndani ya miezi 3, pesa huweza kuwa ya aliyeiokota. Simu na kadi haziingii katika kugawiwa huko, kwa kuwa zina taarifa za mtu.

Ukisahau begi kwenye treni, mwambie mhudumu njia uliyopanda, saa uliyoshuka, na behewa la ngapi kutoka mbele. Kwa hayo matatu wanaweza kupiga simu stesheni za mbele. Vitu hukaa siku chache kwa kampuni ya treni, halafu hupelekwa polisi, na vya Tokyo hukusanywa kwenye kituo cha Iidabashi. Ikiwa ni pasipoti, usisubiri, kwa sababu sheria inamtaka mgeni atembee nayo. Nenda koban uandikishe, omba namba ya taarifa kwa maandishi, kisha upeleke ubalozini: wa Kenya uko kata ya Meguro, wa Tanzania kata ya Setagaya.